Kukarabati na Kuboresha Pikapu Kuukuu ya Dizeli kwa Mikono Yako

Mtu akipata pikapu ya dizeli yenye umri wa miaka 20 au 30, mawazo yake ya kwanza huwa ni nyongeza: matairi makubwa, taa kali, springi za kuinua, pengine turbo. Weka hayo pembeni kwanza. Gari hilo lilitoka kiwandani likiwa na breki zinazoshika, taa zinazomulika na injini inayowaka kwa stata moja. Sehemu kubwa ya udhaifu unaouona leo imeletwa na waya zilizooza, mipira iliyopasuka, maji machafu ndani ya rejeta na mikono ya watu waliopita hapo kabla yako. Ukilirudisha lilivyokuwa, utajua hasa ni kipi kinachohitaji kuongezwa, na fedha zako hazitapotelea kwenye kitu kinachoficha ugonjwa.

Mwongozo huu ni wa injini zenye pampu ya dizeli ya kimekanika: Toyota 2L, 3L na 5L, Nissan TD27, matoleo ya awali ya Isuzu 4JA1 na 4JB1, ya Mitsubishi 4D56, na nyingine za rika hilo. Kama yako ni ya komoni reli (mfumo wa kisasa ambamo nozeli zote hulishwa dizeli kutoka paipu moja ya presha kubwa), usifuate kabisa sehemu inayohusu kulegeza paipu za nozeli. Presha kwenye mfumo huo hupita bar 1,000, na dizeli inayochomoka hapo hupenya ngozi na kuingia mwilini.

Kabla ya kushika spana

Tafuta kitabu cha ukarabati cha injini yako yenyewe. Soma namba iliyopigwa kwenye bloku, usitegemee nembo ya mlangoni, kwa sababu pikapu nyingi za umri huu zimeshabadilishwa injini. Kitabu ndicho kitakachokupa nguvu ya kukaza kila bolti, na kwenye hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ya dizeli hilo si jambo la kukisia.

Kwa magari ya Kijapani, spana namba 10, 12, 14, 17 na 19 zitakufanyia kazi nyingi. Nunua soketi za pembe sita. Zile za pembe kumi na mbili huvua kona za nati zenye kutu. Ongeza toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), multimita ya kawaida, tochi ya kuvaa kichwani na stendi mbili imara.

Jeki ni ya kuinua tu. Ukishainua, chesisi ikalie stendi, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe mbele na nyuma, kisha lisukume gari kwa nguvu ukiwa nje. Likitulia, ingia chini. Kizibo cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Waya hasi wa betri hutolewa kabla ya kugusa stata au alteneta. Na kila unapowasha injini baada ya kufungua pampu au turbo, weka kipande cha ubao karibu na mdomo wa kuvutia hewa. Injini ya dizeli ikipata mafuta yasiyodhibitiwa, hata oili yake yenyewe, hukimbia bila kujali ufunguo, na njia ya kuizima ni kuinyima hewa. Tumia ubao, kamwe usitumie kiganja.

Kutu itakuchelewesha kuliko ufundi wenyewe. Nyunyizia mafuta ya kupenyeza usiku wa kuamkia siku ya kazi, rudia asubuhi, na bolti ikigoma, ikaze kidogo sana kabla ya kuilegeza. Mara nyingi hilo huvunja kutu bila kuvunja bolti.

Anza na oili zote

Hujui nani aliweka nini ndani ya gari hili, kwa hiyo badilisha zote: injini, giaboksi, transfa kama ni la magurudumu manne, difu (gia za kwenye eksoli) ya nyuma na ya mbele, mafuta ya breki na klachi, na maji ya rejeta. Kazi hii ni ya siku moja au mbili, na faida yake kubwa ni kwamba utauona mwili wa gari kwa ndani.

Kwenye giaboksi na difu, fungua kizibo cha kujazia kwanza, kisha ndicho cha kumwagia. Ukimwaga oili yote halafu ukakuta kizibo cha kujazia kimeganda na kutu, gari limebaki hapo lilipo. Vizibo vingi vya kumwagia vina sumaku. Tope laini la kijivu juu yake ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Oili ya difu ikitoka nyeupe, maji yameingia, na mara nyingi mlango wake ni kipumulio kilichoziba juu ya eksoli. Difu ya moto ikipita kwenye maji hupoa ghafla na kuvuta hewa. Kipumulio kikiwa kimeziba, huvuta maji kupitia sili. Safisha kipumulio, na ukiweza kivishe mpira mrefu unaopanda hadi ndani ya bodi. Hilo ni boresho dogo la bei nafuu kuliko yote nitakayotaja, na mimi huliweka juu ya taa na matairi.

Difu huhitaji oili ya daraja la GL-5. Giaboksi soma kitabu, maana baadhi zina sinkro (pete zinazolinganisha kasi ya gia) za shaba zinazoharibiwa na baadhi ya oili za GL-5. Oili ya injini ikiwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa, usihangaike. Huo ni masizi, na dizeli za zamani ndivyo zilivyo. Ibadilishe kila kilomita 5,000 pamoja na filta yake.

Dizeli safi isiyo na hewa

Hapa ndipo penye magonjwa mengi, na ndipo watu wanapotozwa fedha za pampu na nozeli bila sababu. Dalili zake ni hizi: injini inawaka vizuri jioni lakini asubuhi inapigiwa stata muda mrefu, inawaka, inatulia sekunde chache, kisha inazima, au inapoteza nguvu mlimani na kurudi sawa tambarare. Kabla ya kulaumu pampu, thibitisha kwamba dizeli inafika kwake ikiwa safi na bila hewa.

Anza na maji. Chini ya filta ya dizeli pana kikoki. Weka chupa angavu chini yake, fungua, piga pampu ya mkono mara kadhaa, kisha iache chupa itulie. Maji hushuka chini na dizeli hukaa juu, mstari ukionekana wazi katikati. Ukipata maji mengi, tangi nalo linahitaji kufunguliwa na kuoshwa, la sivyo filta mpya itajaa tena.

Kubadilisha filta na kutoa hewa hufuata mpangilio huu:

1. Futa vumbi lote kuzunguka filta kabla ya kuifungua. Chembe moja ya mchanga inatosha kuharibu nozeli.
2. Hamisha kihisi cha maji kutoka filta ya zamani, kivishe mpira mpya, na upake mipira yote dizeli safi. Filta hukazwa kwa mkono.
3. Usiijaze filta kwa kumimina dizeli katikati yake. Hapo ni upande uliokwisha kuchujwa. Piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu kabisa. Ikikataa kuwa ngumu, kuna hewa inaingia mahali.
4. Kama injini bado haiwaki, legeza nati za paipu kwenye nozeli, nusu mzunguko tu, uzizungushie kitambaa. Mwenzako apige stata sekunde zisizozidi 15, aipumzishe dakika moja, arudie. Mwanzo utaona mapovu, kisha dizeli itatoka kwa mapigo. Kaza moja baada ya nyingine.
5. Injini ikiwaka itatetemeka kidogo na kutulia. Pitia kila nati kwa kidole kikavu kutafuta unyevu.

Hewa ikiendelea kuingia, fanya kipimo hiki ambacho kwa maoni yangu kinapita vifaa vingi vya gharama. Nunua kipande cha mpira angavu unaostahimili dizeli, ukiunge kati ya filta na pampu. Washa injini uangalie. Mwanzoni utaona mapovu ya kutoa hewa, hilo ni sawa. Baada ya dakika chache mstari unatakiwa uwe wa dizeli tupu. Ukiona mapovu madogo yanaendelea kupita, au ukikuta asubuhi dizeli imerudi nyuma na kuacha pengo la hewa, tundu liko kati ya hapo na tangi. Pampu ya mkono yenyewe huvuja hewa kupitia kiwambo chake cha mpira, na mipira midogo ya kurudisha dizeli juu ya nozeli huchakaa bila kuonyesha alama kubwa. Mpira unaoingiza hewa si lazima umwage dizeli chini, kwa sababu upande huo unavuta.

Ukitaka kuthibitisha zaidi, chukua dumu safi la dizeli, liweke juu zaidi ya pampu, upeleke mpira wa kuvuta na wa kurudisha humo. Gari likiwaka vizuri siku mbili mfululizo kwa njia hiyo, pampu yako haina kosa. Tafuta kwenye paipu za chini ya bodi, hasa zinapopita juu ya eksoli, au kwenye chujio lililo ndani ya tangi.

Nozeli nazo zina kipimo chepesi. Injini ikiwa katika mwendo wa chini, legeza nati ya paipu ya nozeli moja, usikilize, ukaze, kisha uende ya pili. Silinda isiyo na kosa ikikatwa injini huyumba. Ile ambayo ukiikata hakuna kinachobadilika ndiyo yenye tatizo, iwe nozeli au mgandamizo. Vaa miwani na glavu, na mkono usipite mbele ya mchuruziko hata kwa presha hizi za kale. Ukizitoa nozeli, washa (pete za kuzibia) za chini yake hubadilishwa zote. Za zamani zikirudishwa zitavuja moto wa silinda. Kupima presha ya kufungukia na umbo la mnyunyizo ni kazi ya karakana yenye mashine yake. Na ndani ya pampu usiingie. Vipande vyake vimesuguliwa vikae kwa nafasi ya mikroni chache, na vumbi la gereji ya nyumbani linatosha kuvimaliza. Kilicho chako ni kubadilisha mipira ya nje inayovuja, kama ule wa shafti ya mkono wa mafuta, kama una kitabu na subira.

Moshi nao unasema kitu. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, kwa hiyo tazama filta ya hewa kwanza. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe wa asubuhi unaochoma macho ni dizeli isiyoungua. Mweupe unaoendelea injini ikiwa ya moto huku maji ya rejeta yakipungua ni jambo zito, na nitalirudia hapa chini.

Kuwaka asubuhi

Dizeli haina plagi za cheche. Pistoni hugandamiza hewa, kwa injini hizi kati ya mara 18 na 22, mpaka iwe na joto la kuwasha mafuta yenyewe. Stata ikizungusha polepole, hewa hupata muda wa kupoa na kuvuja kando ya ringi, na moto haushiki. Ndiyo maana umeme dhaifu huonekana kama ugonjwa wa pampu.

Kwanza hakikisha gari ni la volti 12, kwani baadhi ya pikapu za dizeli hutumia 24. Kwa volti 12, betri iliyopumzika usiku kucha isome takriban 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 10. Injini ikiwa imewaka, alteneta itoe kati ya 13.8 na 14.4.

Betri ikiwa nzima na stata bado nzito, pima upotevu wa volti njiani. Ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.3, waya wa hasi au viungo vyake vimechoka. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri mpaka bolti nene ya stata. Waya mzuri kwa nje unaweza kuwa umegeuka unga wa kijani ndani ya ganda lake. Tengeneza waya mpya nene, sugua chuma cha bloku na chesisi mpaka king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Pikapu nyingi zinazosemekana zimekufa stata hupona hapo.

Kama unasikia mlio mmoja wa "tak" na injini haizunguki, lakini ukijaribu mara ya tano inazunguka vizuri, fungua kifuniko cha nyuma cha solenoidi ya stata. Stata za Denso zenye gia zina vipande viwili vya shaba ambavyo plunja huvigonga kuunganisha umeme. Vikilika upande mmoja, plunja hugusa siku nyingine na siku nyingine haigusi. Vipande hivyo huuzwa peke yake. Huna haja ya stata mpya.

Hita plagi, zile zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha, zipime kwa kutoa ule ukanda wa chuma unaoziunganisha, kisha upime ukinzani wa kila moja kati ya ncha yake na bloku. Nzima husoma ohm chache sana, mara nyingi moja au chini yake. Isiyosoma chochote imekatika. Kabla ya kununua mpya, soma volti zilizoandikwa kwenye ya zamani, kwa maana baadhi ya mifumo ya Toyota hutumia plagi za volti 6 zinazodhibitiwa na taima. Ukiweka plagi ya volti 6 kwenye mfumo wa volti 12 itaungua upesi, na ncha yake inaweza kukatikia ndani ya silinda. Zitoe injini ikiwa vuguvugu, ukiwa umezilowesha mafuta ya kupenyeza tangu jana yake, na usitumie spana ndefu.

Joto ndilo muuaji

Injini hizi huvumilia dizeli mbaya, oili iliyochelewa na dereva asiye na huruma. Haziyavumilii maji yaliyochemka. Hedi za Toyota 2L-T na 1KZ-TE zinajulikana kwa kupasuka, na mara nyingi safari ya kupasuka huanzia kwenye rejeta iliyoziba nusu.

Mwaga maji yote, ukifungua na kizibo kilicho ubavuni mwa bloku. Suuza kwa mpira wa maji kinyume cha mwelekeo wa kawaida mpaka yatoke safi. Toa thamostati, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopashwa joto, uangalie inaanza kufunguka kwenye nyuzi zilizoandikwa juu yake, ambazo kwa nyingi ni karibu 82. Isiyofunguka kikamilifu itupe. Kuna desturi ya kuitoa thamostati kabisa "ili gari lipoe". Usiifuate. Injini itafanya kazi ikiwa baridi mno, itachafua nozeli na kula mafuta, na kwenye baadhi ya injini maji yatapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta yote.

Osha mapezi ya rejeta kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji yasiyo na presha kali. Badilisha kizibo cha rejeta. Kina springi na mpira vinavyochoka. Mfumo ukishika presha ya bar 1, maji huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100, na kizibo kilicholegea hukunyang'anya akiba hiyo yote. Jaza kulenti (kimiminika maalumu cha kupozea) nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Feni yenye klachi ya mnato ipime injini ikiwa ya moto na imezimwa: isukume kwa mkono, inatakiwa igome. Ikizunguka kwa uhuru, imekwisha.

Sasa ule moshi mweupe. Asubuhi, kabla injini haijawaka, fungua kizibo cha rejeta, jaza, washa, uangalie juu ya maji. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma, au mpira wa juu kuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha, ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi ya hedi au kwenye ufa. Tazama na chini ya kifuniko cha oili kama pana utando kama wa maziwa. Kuvua hedi nyumbani kunawezekana, lakini hedi lazima ipelekwe kupimwa unyoofu na nyufa kabla ya kurudishwa, na bolti zikazwe kwa hatua na mpangilio wa kitabu. Anayekuambia inatosha kubadilisha gasketi tu anakuandalia kazi ile ile mara ya pili.

Mkanda wa taimingi

Huu ndio unaounganisha krenki na kamshafti ili vali zifunguke kwa wakati wake. TD27 hutumia gia, haina mkanda. Toyota za L na 4D56 zina mkanda, na ukikatika vali hukutana na pistoni. Kwa Toyota hizo mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama historia ya gari haijulikani, ubadilishe sasa, pamoja na puli ya kukazia na sili za mbele, kwa sababu oili inayovuja huulainisha mkanda mpya na kuumaliza.

Zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya krenki mpaka alama za krenki, kamshafti na pampu zikutane zote. Piga picha. Chora alama zako mwenyewe kwa rangi juu ya mkanda wa zamani na puli, kisha uzihamishie kwenye mpya kwa kuhesabu meno. Baada ya kuuvisha na kuukaza kwa utaratibu wa kitabu, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kwa mwelekeo wake wa kawaida. Alama zinatakiwa zirudi mahali pake zote. Ukihisi kitu kimekwama njiani, simama hapo hapo, usilazimishe. Stata haiguswi mpaka mizunguko hiyo miwili ipite bila kikwazo. 4D56 ina mkanda wa pili mdogo wa shafti za mizani, na ukikatika unaweza kuuvuta ule mkubwa, kwa hiyo vyote viwili hubadilishwa pamoja.

Breki

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika ni 140 tu. Kwenye mteremko mrefu ukiwa na mzigo, tofauti hiyo ndiyo pedali inayozama hadi chini. Yabadilishe kila miaka miwili. Wili silinda za nyuma zinazolia unyevu hubadilishwa kwa jozi, na ajasta za drami zisafishwe na kupakwa grisi kidogo, maana zikiganda pedali huwa ndefu hata lainingi zikiwa mpya.

Sasa maboresho

Rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme mdogo) za taa za mbele. Umeme wa taa kwenye gari la zamani hupita mbali, kutoka betri hadi swichi ya usukani na kurudi, na hupungukiwa njiani. Balbu ya halojeni ikipata asilimia 90 ya volti zake hutoa takriban asilimia 70 tu ya mwanga. Badala ya kununua balbu kali zaidi zinazoyeyusha swichi, peleka waya mpya wa milimita 2.5 za mraba kutoka betri, kupitia fyuzi ya ampea 20 iliyo karibu na betri, hadi pini 30 ya rilei. Pini 87 iende kwenye taa. Waya za zamani ziendeshe koili kwenye 85 na 86. Weka rilei moja ya taa za chini na moja ya juu. Pima kwanza kwa multimita, kwani pikapu nyingi za Kijapani huwasha taa kwa kukata na kuunga upande wa hasi, na mchoro wa kawaida hautafanya kazi hapo.

Kengele ya maji kupungua. Geji nyingi za kiwandani hukaa katikati muda mrefu, na maji yakishamwagika kihisi hubaki hewani kisisome joto la hedi. Kihisi cha kiwango cha maji kwenye rejeta, chenye kengele ndani ya kebini, hukuonya kabla.

Kitenganisha maji cha ziada kabla ya filta ya dizeli nacho kinastahili nafasi yake. Kiweke upande wa kuvuta, viungo viwe vichache, na baada ya kukifunga rudia kipimo cha mpira angavu.

Kuhusu turbo kwenye injini isiyozaliwa nayo, na kuhusu kufungua skrubu ya dizeli kwenye pampu ili kupata nguvu, msimamo wangu ni usifanye bila geji ya joto la moshi. Dizeli ya ziada bila hewa ya ziada hugeuka moshi mweusi na joto, na pistoni ni za alumini, metali ambayo ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Mafundi wengi huweka mpaka wa nyuzi 700 kwa moshi unaoingia kwenye turbo, nao ni mpaka wa kupita kwa muda mfupi tu. Injini za turbo kutoka kiwandani mara nyingi hupewa pia pistoni, upozaji wa oili na gasketi za aina nyingine. Kufunga turbo peke yake ni kuchukua nusu ya kazi.

Springi za nyuma ziongezwe kama unabeba mzigo kila mara, si kwa ajili ya kuinua sura. Ongeza jani moja au badilisha seti nzima, na yu-bolti (bolti za umbo la U zinazoshika springi kwenye eksoli) ziwe mpya, kwani za zamani zimeshavutika. Kaza bolti za bushi gari likiwa limekalia magurudumu yake. Ukizikaza likiwa limening'inia, bushi zitapindika na kupasuka mapema. Springi nzito haziongezi uwezo wa eksoli, breki wala chesisi, na kiwango cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibati cha gari kinabaki kile kile.

Halafu angalia juu ya eksoli ya nyuma kama pana vali ya breki yenye mkono mrefu wa chuma. Pikapu nyingi wanayo. Husoma urefu kati ya bodi na eksoli ili kujua kama kuna mzigo, na ikiona bodi iko juu hupunguza breki za nyuma. Ukiinua springi bila kuirekebisha, vali itaamini gari ni tupu hata likiwa limejaa, na breki za mbele zitabeba kazi yote. Fungua nati ya mkono wake, uirekebishe kwa kipimo cha kitabu, toa hewa kwenye kipulizio cha vali yenyewe, kisha jaribu breki mahali pa wazi, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Baada ya kilomita 500 rudi chini na toki renchi, ukaze yu-bolti zote upya.